Nyumba ya Kukhu Haina Mawimbi

Agosti 2024 nililipwa dola 22 kusifu nyumba yenye kuta za udongo. Ilikuwa Ireland, upande wa magharibi, kaunti ya Clare, karibu na mji wa Lahinch ambako watu huenda kuteleza kwenye mawimbi wakiwa wamesimama juu ya ubao. Maneno 600. Mteja alinitumia picha kumi na moja na maagizo: taja ukimya, taja paa la nyasi, taja unene wa kuta, taja kwamba ufuo uko umbali wa kutembea kwa miguu, na neno "zamani" lisizidi mara mbili. Mimi naishi Kitale, mtaa wa Tuwani, kwa bedsita yenye dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani. Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyowahi kuyaona ni Ziwa Victoria pale Kisumu, na siku hiyo nilikula samaki, nikapanda matatu, nikarudi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu wakati karo ilishinda ukoo mzima, na tangu hapo nawaandikia watu wa mbali kuhusu vitu vya mbali: magodoro, vitamini za mbwa, hoteli. Nyumba za likizo ndizo ninazopenda zaidi. Zinalipa haraka, na pia mtu hupumzika kidogo akiandika kuhusu mahali ambapo wengine wanapumzika. Nimeandika nyumba za Ureno, za kaskazini mwa Uhispania, za Cornwall kule Uingereza. Ukiandika nyingi unaanza kuona zote zina hadithi moja. Ilikuwa ya mvuvi au mkulima maskini, watoto wakahama, paa likaanguka, kisha mtu mwenye pesa akainunua akaikarabati, na sasa analala humo mtu anayetaka kuamka asubuhi akimbilie mawimbi. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni nani analala ndani.

Ili niandike vizuri nilisoma. Nyumba za wakulima wa Ireland zilijengwa kwa mawe, na sehemu nyingine kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Nje zilipakwa chokaa, mara nyingi kila mwaka, kwa sababu mvua yao haina adabu. Paa lilikuwa la nyasi au matete. Katikati ya maisha yote kulikuwa na moto wa mboji, ile wanakata vinamasini kama matofali na kuikausha. Njaa kuu ilipoingia mwaka 1845 viazi vikaoza shambani. Watu kama milioni moja walikufa na wengine kama hao wakapanda meli. Nyumba nyingi zikabaki bila mtu. Na hata walioendelea kuishi humo, walipopata pesa kidogo karne iliyofuata, walijenga za kisasa kando yake, kwa sababu paa la nyasi lilikuwa linasema wewe ni maskini. Leo zilizobaki ni chache na serikali yao ina ruzuku ya kumsaidia mwenye nyumba kuezeka upya.

Hapo kwa ruzuku nilisimama, nikaenda kuchemsha chai.

Kwa sababu hiyo nyumba naijua. Iko Bungoma, ndani ya ndani kutoka Chwele, na anayeishi humo ni Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Ni ya mviringo, ya fito na udongo, paa la nyasi, nguzo moja katikati. Alijengewa mwaka uliofuata ule wa mahindi ya manjano, yaani 1985, baada ya ukame uliofanya serikali iagize mahindi kutoka nje, mahindi ambayo hadi leo wazee wa kwetu wakiyataja wanakunja uso. Paa limebadilishwa mara nne. Ukuta haujawahi kubadilishwa, ila ukihesabu tabaka za udongo ambazo mkono wa Kukhu umepaka juu yake, nafikiri nyumba ya mwanzo iko huko ndani kama mbegu ya embe.

Sensa ya Agosti 2019 ilinikuta hapo. Karani alikuja usiku na kishikwambi chake, kijana mpole, akakaa kwa stuli. Akafika yale maswali ya nyumba. Ukuta? Udongo. Sakafu? Udongo na mavi ya ng'ombe. Paa? Nyasi. Kila jibu Kukhu alilitoa kwa sauti ya mtu anayetaja watoto wake waliofaulu, na kila jibu yule kijana alilibonyeza na kichwa kikishuka kidogo, kama mtu anayejaza fomu ya mgonjwa. Nilikuwa bado mwanafunzi wakati huo, somo letu moja lilikuwa takwimu, kwa hivyo nilijua majibu kama hayo huishia kwa jedwali gani. Haikunipita pia kwamba Waingereza walipoanzisha kodi mwanzoni mwa karne ya 20 waliipima kwa nyumba hizi hizi, kibanda kimoja kodi moja, hadi watu wakaanza kubanana ndani ya chache ili walipe kidogo. Nyumba ya udongo imehesabiwa sana nchi hii. Haijawahi kuhesabiwa kwa faida ya mwenye kuipaka.

Turudi kwa kazi. Kwa ile nyumba ya Clare niliweka sentensi moja kuhusu chokaa: kwamba kuta hazikai nyeupe zenyewe, kwamba kila mwaka kuna mtu anapanda ngazi na ndoo. Sikujua huyo mtu ni nani, nilitaka tu awepo. Mteja aliifuta. Akaniandikia kwa upole kwamba mgeni hajaja likizo kusoma kuhusu kazi. Nilikubali, dola ni dola.

Mwezi huo huo nilienda Chwele kwa sherehe. Sisi Wabukusu tunatahiri mwaka usiogawanyika kwa shida, yaani 2022, 2024 na kuendelea, na Agosti hiyo ilikuwa zamu ya binamu yangu. Boma lilijaa. Watu walitoka Nairobi, Eldoret, mmoja alitoka Qatar na simu yenye kamera tatu. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona 2022: wapiga picha wote walisimama migongo yao ikiwa imeelekea nyumba ya Kukhu, ili nyuma ya kila mtu ionekane ile nyumba mpya ya matofali ambayo wajomba walikuwa wanammalizia. Nadhani hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Miguu tu ilijua pa kusimama. Kukhu naye alikuwa amepaka nyumba yake wiki nzima kwa ajili ya sherehe, nusu ya chini udongo mwekundu, nusu ya juu majivu, na mpaka wa katikati wenye mawimbi madogo aliyoyachora kwa vidole vinne. Sijui alitoa wapi wazo la mawimbi. Yeye na mimi tuko sawa kwa hiyo stori ya bahari.

Basi Septemba nikapata kazi ya karibu. Jamaa mmoja wa upande wa Endebess, chini ya Mlima Elgon, alikuwa amekarabati nyumba ya nyanyake marehemu na anataka kuikodisha kwa wageni, shilingi 6,500 kwa usiku. Alitaka maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili. Pesa taslimu hakuwa nazo nyingi, tukapatana: shilingi 3,000 na nilale siku mbili nijionee. Likizo yangu ya kwanza katika maisha yangu ya utu uzima, na ilikuwa kwa nyumba ya nyasi.

Kutoka Kitale ni matatu hadi Endebess, kisha boda kwa njia ya murram ukipita mahindi, mahindi, mahindi. Mlima uko pale mbele muda wote lakini asubuhi ndio unauona vizuri. Mchana mawingu yanaufunika. Jamaa aliniuliza swali zuri tulipokuwa tunaonana: hizi nyumba ninazoandika zina ufuo, sisi tuweke nini? Nikamwambia weka mapango. Ndani ya mbuga ya Mlima Elgon kuna pango la Kitum ambamo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wakakwangua mwamba kwa pembe ili walambe chumvi. Mtu atakayesafiri kutoka mbali kusimama juu ya ubao majini, huyo pia atasafiri kuona mwamba uliochorwa na pembe za ndovu. Kila nyumba ya likizo inahitaji kitu kikubwa karibu nayo kinachofanya kitanda kiwe sababu ya pili.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, nisifiche. Alikuwa ameacha ukuta wa nyanyake mahali ulipo, akaziba mashimo, akazungushia simenti futi mbili chini kuzuia mchwa na yale matone ya mvua yanayoruka kutoka chini na kula udongo. Ndani palipakwa rangi nyeupe. Sakafu ilikuwa simenti nyekundu iliyosuguliwa hadi inakuonyesha. Dirisha kubwa la kioo linaloangalia mlima, choo na bafu la maji moto vimejengwa nyuma kwa mawe, waifai. Nyasi za paa zilitoka mbali kwa lori, maana huku kila hatua ya ardhi imelimwa, na nyasi ndefu za kuezekea hazioti kwa shamba la mtu anayetegemea gunia la mahindi. Mahali pa mafiga ndipo aliweka kitanda.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha, ile ya Septemba ya Trans Nzoia isiyo na mzaha. Niliamka saa tisa kwenda msalani ndipo nikajua inanyesha. Kwangu Tuwani, chini ya mabati, mvua kama hiyo huwezi hata kusikia simu ikilia. Chini ya nyasi ni kama mtu anakunong'onezea kwamba kuna mvua, halafu anaondoka. Nililala kama mtoto. Wakati huo wote kichwani nilikuwa naandika sentensi za tangazo, na zote zilikuwa za kweli.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nilisikia kitu kikikwaruza ukuta karibu na kichwa changu. Nikatoka na leso. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, ndoo ya mavi ya ng'ombe na udongo mkononi, anapaka mahali ambapo mvua imegusa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuamsha?"

Alinieleza kwamba hupaka alfajiri, mgeni akiwa amelala, kwa sababu mwenye nyumba aliona wageni wanapenda ukuta laini lakini harufu ya ndoo hawaipendi. Jua likitoka ukuta unakauka, jioni harufu imeisha. Wakati wa mvua ni kila wiki, kiangazi mara moja kwa wiki mbili. Shilingi 500 kila mara. Mavi ya ng'ombe hununua kwa jirani, siku hizi ng'ombe ni wachache na walio nao wanayaweka shambani kwa sababu mbolea imepanda bei. Nikamwuliza kama kwake pia ni nyumba ya aina hii. Akacheka hadi akaweka ndoo chini.

"Kwangu ni mbao na simenti. Nipake huku, nipake na kule? Hii ni ya kulipwa. Kulala nalala kwa simenti."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Alinyoosha kidole juu, akasema hilo paa halitamaliza miaka mitano. Nikamwuliza kwa nini, si nyasi ni mpya? Akasema halina moshi. Nyumba ya nyanyake huyu jamaa ilikuwa inapikiwa ndani kila siku, moshi unapanda, unakausha nyasi, unazipaka masizi, wadudu hawakai. Sasa hakuna moto, kuna kitanda. Jamaa amenyunyizia dawa, lakini dawa huisha, na unyevu wa pumzi za wageni unabaki humo humo. "Nyasi zinataka mtu apike," alisema, akarudi kwa ukuta wake.

Nilikaa na hilo neno siku mbili. Lilieleza hata Ireland: ule moto wa mboji ulikuwa unawasha paa lao maisha pia, kwa maana ya kulipa uhai. Lakini kilichonikaa rohoni kilikuwa nyumba ya Kukhu, ambayo paa lake la ndani ni jeusi linang'aa kama sufuria ya chai, na macho ya Kukhu, ambayo yamekuwa na ukungu tangu nilipokuwa darasa la saba. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho. Swali la kwanza alilouliza lilikuwa: huyu mama anapikia kuni ndani?

Nikiwa bado Endebess, simu ikaanza kutetema. Kundi la WhatsApp la familia. Khocha, mjomba wangu mkubwa, alikuwa ameandika kwamba nyumba ya matofali imekwisha, Kukhu atahamishwa, na ile ya zamani iangushwe kabla ya Desemba ili boma liwe na sura. Mikono ya kuomba ishirini na kitu chini ya huo ujumbe. Mama yangu hakuandika kitu. Mama yangu ni binti wa boma hilo, na mimi ni mtoto wa binti. Kwa mila pale sina hata mti wa kufunga mbuzi. Katiba ya 2010 inasema vingine kuhusu mabinti, lakini jaribu kuisoma Katiba kwa kikao cha wajomba.

Hata hivyo Oktoba nilienda kwa kikao, na nilienda na hesabu. Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, Kanduyi, Bungoma mjini, halafu Chwele. Nilifanya hesabu njia yote hadi kondakta akaniuliza kama nasoma mtihani. Nikaiweka mbele yao: nyumba kama hii, shilingi 6,500 kwa usiku. Hata tukiweka 2,500. Hata wageni wanne tu kwa mwezi. Tunaweza kuikarabati, Kukhu apate pesa yake mwenyewe bila kumwomba mtu.

Khocha hakunidharau, alisikiza hadi mwisho. Yeye ni mwalimu mstaafu, ana subira ya watu waliosikia visingizio vyote. Kisha akauliza: "Na mgeni atoke Nairobi aje Chwele kuona nini? Una bahari hapa?"

Nikataja maporomoko ya Nabuyole pale Webuye. Nikataja Chetambe, ile ngome ya mlimani ambako mababu zetu walipigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895 na wengi wakafa humo. Nikataja milima ya Sang'alo, soko la Chwele lenyewe. Binamu wa Qatar, ambaye alikuwa kwa simu ya video, akasema hiyo ya Chetambe watu wanaweza kuja, yeye angelipa. Mambo yakaanza kuchangamka. Mtu akasema tuweke bafu. Mwingine akasema taa za sola. Kwa kama dakika kumi tulikuwa familia yenye hoteli.

Kukhu alikuwa amekaa kwa mlango wa ile nyumba yenyewe, kuni moja mkononi, ananyamaza. Akauliza, kwa Kibukusu, na hapa naweka kwa Kiswahili nilivyoweza.

"Mimi nitalala wapi?"

"Kwa nyumba mpya, Kukhu."

"Na huyu mgeni anayelipa atalala hapa."

"Ndiyo."

"Nani atapaka?"

Hakuna aliyejibu. Wasichana, sote tulikuwa sita hapo, tuliangalia simu zetu. Kusema kweli hata sijui kama kuna mmoja wetu aliyewahi kupaka ukuta mzima. Mimi nilikuwa nimepaka sakafu ya jikoni nikiwa mdogo, kwa mchezo, halafu nikanawa mikono mara saba.

Kukhu akaendelea. Alisema hii nyumba haikusimama miaka arobaini kwa sababu ni nzuri. Ilisimama kwa sababu kila Jumamosi alipiga magoti, na magoti sasa yamekwisha. Alisema nyasi ziko juu kwa sababu alipika chini yake asubuhi na jioni. "Hilo paa limekula macho yangu," alisema, akaelekeza kuni juu bila kuangalia. "Sasa mnataka mgeni alipie alale chini ya macho yangu. Sawa, alipie. Lakini moshi sitoi tena."

Nimeandika zaidi ya nyumba mia za likizo. Sijawahi kuona mteja hata mmoja aliyeuliza nyumba ilikula nini.

Khocha aliona hapo ndipo pa kumalizia, akasema basi tumekubaliana, iangushwe. Kukhu akasema hapana, hakusema hivyo. Alisema nyumba ya mtu haiangushwi akiwa ameketi akiiangalia. Akishaenda, wafanye wanavyotaka. Kwa sasa nyasi zishuke, mabati yaliyobaki kwa ujenzi wa ile mpya yapande, ukuta ubaki. Kuku walale humo, jembe, na yeye mchana akitaka kivuli. Mabati hayahitaji moshi. Halafu akageuka upande wangu.

"Wewe unayeandika nyumba za watu. Ukuta huu unaupenda?"

"Naupenda, Kukhu."

"Utakuja kuupaka."

Lilikuwa agizo, na mimi ni mtu mwenye ratiba ninayoipanga mwenyewe, kwa hivyo sikuwa na pa kujificha. Tukapatana Jumamosi moja kila mwezi, mbili wakati wa mvua. Nauli kwenda na kurudi inakaribia nusu ya ile dola 22. Binamu mmoja, yule mdogo wa darasa la nane, akasema atakuwa anachota maji. Wengine waliahidi kutuma kitu kwa M-Pesa, na wawili hutuma.

Tangazo la Endebess niliandika. Niliweka mlima, Kitum, mvua isiyosikika, waifai. Niliweka pia kwamba ukuta hupakwa alfajiri kwa mkono na mama wa hapo kijijini, na kwamba mgeni akiamka mapema anaweza kumsalimia na hata kuomba kujaribu. Jamaa alisoma akanipigia. Nilidhani atafuta. Akasema ngoja kwanza, hiyo ya kujaribu tunaweza kuitoza pesa? Nikamwambia mwulize Mama, maana ndoo ni yake. Walipatana, sijui kwa bei gani. Ila najua kwamba sasa hapaki tena alfajiri gizani. Anapaka saa mbili, baada ya chai.

Nyasi za Kukhu zilishuka wiki ya kwanza ya Desemba. Vijana walizivuta kwa reki, na masizi ya miaka yakashuka nazo, boma zima likawa na sura ya watu waliotoka kwa mgodi. Nyasi nyingine zilikuwa bado imara kabisa. Khocha aliokota konzi moja, akainusa, akaitia mfukoni. Sikumuuliza.

Jumamosi iliyofuata nilianza. Ilinichukua nusu siku kujifunza mchanganyiko peke yake: udongo wa kichuguu uliochekechwa, mavi mabichi ya ng'ombe wake mmoja, majivu, maji kidogo kidogo. Yakizidi maji ukuta unapasuka ukikauka, yakipungua hayashiki. Ukuta unaloweshwa kwanza, ama utanyonya maji yote ya kiganja chako na kukuachia makapi. Unaanza juu ukishuka. Mkono unazunguka kama unafuta kioo, nusu duara, nusu duara, na kila duara lifunike ukingo wa lililopita. Kufikia saa sita mabega yangu yalikuwa yanawaka, na ngozi katikati ya vidole ilikuwa imelainika kama ya mtu aliyefua nguo za boma zima.

Kukhu alikaa kwa stuli chini ya mwembe. Kwa umbali huo haoni ukuta, anaona rangi tu inayobadilika kutoka kavu kwenda mbichi. Nilipofika mahali pa mpaka, pale alipokuwa anachora yale mawimbi, nilimuuliza yanachorwaje. Akasema kwani ni mawimbi? Ni njia ya ng'ombe wakirudi kutoka mtoni, hawatembei sawasawa. Vidole vinne, usibonyeze, uache mkono utembee.

Nilichora. Yalitoka kama ng'ombe walevi.

Jioni, jua likiwa limeshaondoka upande huo, aliomba nimsaidie kusimama. Alikuja hadi ukutani, akauweka wazi mkono wake wa kulia na kuutembeza pole pole kutoka mlangoni kuelekea nyuma ya nyumba, kimo cha bega, kisha kimo cha kiuno, akizunguka nyumba yote. Mimi nilifuata na ndoo. Karibu na dirisha dogo la upande wa mtoni mkono ukasimama. Akaurudisha nyuma kidogo, akaupitisha tena.

"Hapa," alisema, "umeruka."